Bi Mtoro

Harith alinipokea kwa gari jeupe, kama magari yote ya Maskati,
akanibusu kichwa, akawasha kiyoyozi mpaka mwisho,
tukaenda kimya hadi Sib, mimi nikitafuta jangwa
nililoliacha pale penye maduka ya pazia sasa,
maduka ya taa, maduka ya matairi.
"Hapa palikuwa na mti wa ghafu," nikasema.
"Ulikatwa," akasema, "kabla Ghaya hajazaliwa."
Ghaya anamaliza sekondari mwaka huu.

Mlangoni watoto wamejipanga.
Kiarabu chao safi, kama cha taarifa ya habari;
changu kimeota kutu, kimebaki na sala na bei.
Nikawauliza, "Hamjambo?"
Wakatazamana. Mmoja akajaribu: "Jambo, jambo,"
kama mtalii.

Nyumba ni ile ile, ila imeota ghorofa.
Chumbani kwa Mama pana mashine ya kukimbilia
na juu ya mashine kanzu ya mtu, imeanikwa.
Sikuja kumzika. Nilikuwa na sababu;
ilikuwa nzuri wakati ule.
Nimeibeba miaka saba. Pale uwanja wa ndege,
afisa aliponiuliza kama nina mzigo wa kutangaza,
nusura nimfungulie.

Ndipo akatoka jikoni mtu mfupi, ndevu zina hina,
unga umempanda hadi viwikoni.
"Karibu, Bi Mtoro," akasema.
"Umekonda we. Huko ulikokwenda hawali?"

Kiswahili.
Tena kile cha Mama, cha Wete,
kinachoburura mwisho wa neno
kama mtu anayevuta mkeka kuufuata ubaridi.

Harith alisimama kama aliyemwagiwa maji.
"Huyu Rafikul," akasema, "wa Silheti.
Kaja mwezi ule ule ulipoondoka wewe.
Mama hajui Kibengali, yeye hajui Kiarabu,
basi ilibidi mmoja ashindwe."

Rafikul hakuona kosa lolote.
Miaka kumi na miwili, asubuhi kwa asubuhi, kasikia jina hilo:
Mtoro angekuwapo, ukoko huu usingebaki.
Mtoro hapendi hiliki nyingi.
Usikisugue hivyo kikombe hicho, cha Mtoro hicho.
Alidhani ndilo nililopewa siku ya saba, kwa kondoo.
Watoto wakataka wafasiriwe.
Harith akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Alasiri nilikaa jikoni juu ya gunia la mchele
naye akabandika mkate wa mofa, akisimulia bila kunitazama:
Mama alivyogombana na muuza nguru
kwa lugha ambayo muuzaji hakuijua, na akapunguziwa.
Mama alivyomwita Rafiki, kwa uvivu wa kumalizia jina,
na Rafiki akaitikia, na siku ya kugombezwa
hakugombezwa sana, maana nani humgombeza rafiki?

"Siku za mwisho," nikamwuliza, "alitaka nini?"
Akafikiri. Akageuza mkate.
"Mabungo. Nikazunguka Matrah yote, hamna mabungo.
Nikamletea ukwaju, akaujua kuwa ni ukwaju, akala.
Na mlango usitiwe komeo usiku.
Bwana Harith anatia, mimi nashuka natoa.
Mpaka leo," akasema, "natoa," na akacheka kidogo,
kama mtu aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Usiku jamaa walijaa sebuleni. Shangazi Zamzam
alinipapasa uso, akanikosea na marehemu dada yake.
Halwa ikazunguka, kahawa ikazunguka,
maneno yakafika kwenye bei ya viwanja vya Barka
na hapo ndipo yalipolala.
Nilikuwa nimeshikilia kifinjani, natabasamu inapopasa,
sauti ikatoka jikoni, imeburura mwisho:

"Mtoro! Chai yapoa!"

"Labeka," nikaitika, nimekwisha simama,
kabla sijakumbuka ni nani aitaye.

Kweli ilikuwa imepoa.
Na hiliki alizidisha.